Chama Kilichozaliwa kwa Kumkwepa Polisi

Miaka miwili mitatu kabla ya Vita Kuu ya 1914, msafiri aliyetoka London kwenda mji wa pwani wa Brighton kwa motokaa alikuwa akiona jambo moja la ajabu kando ya barabara. Mtu mwenye baiskeli alilitazama gari likija, akaona mbele yake beji ya chuma yenye herufi mbili za A, na papo hapo akasimama wima na kupiga saluti. Mwenye gari aliinua mkono kwa shukrani, akapita zake. Lakini zilikuwapo siku ambazo mtu yule hakupiga saluti. Alikaa juu ya baiskeli yake kama aliyesahau adabu zote. Dereva aliyejua mambo hakumkasirikia. Alipunguza mwendo mara moja, akasimama, akamwuliza kulikoni. Maana huko mbele, nyuma ya ua wa miti, walikuwamo polisi wenye saa mkononi.

Kila aliyepitia kambini anajua kwamba kutopiga saluti pale inapostahili ni kosa, na adhabu yake anaijua pia. Kwa watu hawa wa baiskeli mambo yaligeuka: kutopiga saluti ndiko kulikokuwa utumishi mwema. Jinsi mambo yalivyofikia hapo, na jinsi chama kilichoanzishwa kwa kuwakwepa polisi kilivyokuja kuwa msaidizi mkubwa wa barabara za Uingereza, na jina lake kufika hata Afrika ya Mashariki, ni habari inayofaa kujulikana katika nyumba ya askari kuliko nyumba nyingine yoyote.

Yafaa kwanza kutazama sheria zilivyokuwa. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kuhusu mitambo ya mvuke iliyotembea barabarani. Mitambo hiyo ilikatazwa kuzidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini, na ilimpasa mtu mmoja kutembea kwa miguu mbele yake akiwa ameshika bendera nyekundu. Magari ya petroli yalipoanza kuingia nchini, yalikutwa na sheria hiyo hiyo. Mwaka 1896 mwendo ulipandishwa, na siku sheria mpya ilipoanza kutumika, tarehe 14 Novemba, wenye magari walifanya msafara wa furaha kutoka London hadi Brighton. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari 1904. Hiyo ndiyo iliyoweka namba za usajili kwenye magari na leseni kwa madereva, ikaruhusu mwendo wa maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Leseni ilinunuliwa kwa shilingi 5, bila mtihani wowote. Mtu aliyekuwa hajapata kushika usukani hata siku moja aliweza kulipa shilingi zake asubuhi na kuingia barabarani kabla ya chakula cha mchana. Kwa upande mwingine, aliyezidi maili 20 alikabiliwa na faini iliyoweza kufika pauni 10 kwa kosa la kwanza, fedha nyingi sana siku zile.

Sheria ikishawekwa, ni polisi ndiye anayeambiwa aisimamie, na hakuna anayemwuliza ataisimamia kwa chombo gani. Polisi wa mashambani hawakuwa na mitambo ya kupimia mwendo kama ya leo. Walichokuwa nacho ni kamba ya kupimia, leso na saa. Walipima kipande cha barabara iliyonyooka, mara nyingi yadi 220, ambazo ni sehemu ya nane ya maili moja. Askari mmoja alijificha mwanzo wa kipande hicho, mwenzake mwisho. Gari lilipopita kwa wa kwanza, alitoa ishara kwa leso. Wa pili akaanza kuhesabu sekunde. Gari lenye mwendo wa maili 20 kamili hutumia sekunde 22 na nusu kuvuka yadi 220. Likitumia sekunde 20 na nusu, basi mwendo wake ni karibu maili 22, na mwenyewe ana kesi.

Hebu mtu ajaribu hesabu hiyo pamoja na watoto wake wa shule, ataona ugumu ulipokuwa. Sekunde mbili tu zinamtenga mtu mwema na mkosaji. Leso ikichelewa kidogo kuinuliwa, au kidole kikiwahi kubonyeza saa, hakuna anayeweza kuapa kwa dhati kwamba kipimo ni sawa. Wenye magari walilalamika kwamba mitego iliwekwa katika barabara nyeupe, pana, zisizo na watu, ambako mwendo haukumdhuru mtu, na kwamba kupita vijijini kwa fujo hakukutazamwa. Walisema pia kwamba mahakama za wilaya zilijaa watu wenye mashamba na farasi, waliochukia motokaa tangu zamani, na kwamba hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya shahidi kufungua kinywa.

Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli wake, lakini si ukweli wote. Mwaka 1904 nchi nzima ya Uingereza ilikuwa na motokaa za watu binafsi kama 8,500 tu, nazo zilikuwa mali ya matajiri. Waliobaki, mamilioni ya watu, walitembea kwa miguu, na watoto wao walicheza barabarani kama walivyocheza siku zote. Gari lilipopita liliacha wingu la vumbi juu ya nguo zilizoanikwa na chakula kilicho mezani. Na vumbi halikuwa baya kuliko yote. Mwezi wa Aprili 1905, katika kijiji cha Markyate, kaskazini ya London, mtoto mdogo wa kiume aligongwa na gari, akafa, na gari halikusimama. Gazeti la Daily Mail lilitangaza zawadi ya fedha kwa atakayemfichua mkosaji. Alipofichuliwa, ilionekana kwamba gari lile lilikuwa la ndugu yake mwenye gazeti lenyewe, na dereva aliyeajiriwa kuliendesha akafungwa. Basi mwanakijiji aliyemwona polisi akijibanza kichakani na saa yake hakumwona kama mtesaji. Alimwona kama mtu pekee aliyekuwa upande wake.

Katika majira yale yale ya 1905, huku kijiji kimoja kikimlilia mtoto wake, wenye magari nao walikuwa wakijikusanya kwa shabaha yao. Mmoja wao alikuwa Charles Jarrott, mtu aliyejulikana sana kwa mashindano ya magari, aliyeshinda mashindano ya Ardennes huko Ubelgiji mwaka 1902. Yeye na wenzake waliona kwamba njia ya Brighton imejaa mitego, hasa siku za mwisho wa juma, wakatoa shauri rahisi: waajiriwe watu wenye baiskeli, wapite barabara ile juu na chini, na popote watakapoona polisi wamejificha wawaonye wenye magari. Jaribio likafanyika, likafaa. Tarehe 29 Juni 1905 kundi dogo la wenye magari lilikutana katika hoteli ya chakula iitwayo Trocadero, mjini London, wakaunda chama. Kilipewa jina la Automobile Association, na watu wakakizoea kwa herufi zake mbili, AA.

Hakikuwa chama cha kwanza. Tangu mwaka 1897 kilikuwapo chama kingine cha wenye magari, chenye mabwana wa heshima, karamu na vyumba vya kusomea magazeti. Lakini mabwana wale hawakupenda kuonekana wakishindana na polisi waziwazi. AA iliundwa na watu waliotaka vitendo. Karani wao mkuu, Stenson Cooke, alikabidhiwa ofisi ndogo katika mtaa wa Fleet Street, vitabu vitupu vya hesabu, na kazi ya kutafuta wanachama mmoja mmoja. Ada ilikuwa gini mbili kwa mwaka. Mwanachama alipewa beji ya kufunga mbele ya gari ili mtu wa doria aijue kutoka mbali. Cooke alishika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1942, na hapana shaka kwamba chama kingevunjika mapema kama kisingekuwa na mtu wa subira kama yeye. Vyama vingi huanza kwa hotuba za moto. Kinachoviua ni kukosa mtu wa kuandika barua na kukusanya ada.

Wale watu wa doria wastahili kutajwa kwa kirefu, maana katika historia za magari mara nyingi husahauliwa. Mwenye gari alikuwa tajiri, naye polisi alikuwa na serikali nyuma yake. Mtu wa baiskeli alikuwa katikati, maskini wa Mungu, akilipwa mshahara wa kibarua ili asimame katika mvua na jua kwa ajili ya gari asilotazamia kulimiliki maisha yake yote. Ugomvi ulikuwa wa matajiri, lakini miguu iliyoukanyagia baiskeli ilikuwa yake yeye, na ilipofika siku ya kushtakiwa, jina lililoitwa kortini lilikuwa lake.

Na kweli walishtakiwa. Kesi ya kwanza kubwa, Bastable na Little, iliamuliwa mwaka 1906. Mtu wa doria alikuwa amewaonya madereva kwamba mbele kuna mtego, polisi wakasema amewazuia kutekeleza kazi yao. Kesi ilifika mbele ya Jaji Mkuu, Lord Alverstone. Mahakama ikaona kwamba haikuthibitishwa kuwa magari yale yalikuwa yakizidi mwendo wakati yalipoonywa. Kumwambia mtu anayekwenda sawasawa kwamba aendelee kwenda sawasawa hakuwezi kuwa kosa. Chama kilishangilia.

Shangwe hazikudumu. Kesi ya pili, Betts na Stevens, ambayo imeandikwa katika taarifa za sheria za mwaka 1910, ilifika mbele ya jaji yule yule. Safari hii ilithibitishwa kwamba magari yalikuwa tayari yakizidi mwendo yalipokaribia mtego, na kwamba mtu wa doria aliyaonya ili polisi wasipate ushahidi wa kosa lililokuwa likitendeka. Hapo Lord Alverstone akaamua kwamba huko ni kumzuia askari katika kazi yake, na kosa limetendeka. Askari polisi wanaosoma habari hii wataona jinsi hukumu mbili za jaji mmoja zinavyotofautiana bila kupingana. Tendo la mkono lilikuwa moja. Kilichobadilika ni hali ya yule aliyeonywa na kusudi la yule anayeonya. Wengi hudhani sheria hutazama mkono tu.

Chama sasa kilikuwa njia panda. Kingeweza kuendelea kuonya, na watu wake wakaingia gerezani mmoja baada ya mwingine. Au kingeweza kuacha, na wanachama wakauliza gini zao mbili zinafanya kazi gani. Ndipo ilipopatikana ile hila ya saluti. Wanachama waliarifiwa katika kitabu chao kwamba mtu wa doria atampigia saluti kila mwanachama. Asipompigia, mwanachama asimame na kuuliza sababu, kwani bila shaka analo jambo la maana la kueleza. Basi polisi amshtaki mtu huyo kwa kosa gani? Hakuinua mkono, hakupepea kitambaa, hakusema neno. Hakuna sheria iliyomlazimisha raia kumpigia saluti tajiri apitaye.

Hila hiyo ilikuwa ya werevu, na wengi wameisimulia kwa kicheko. Hata hivyo si haki kuitukuza. Miongoni mwa waliookolewa na saluti isiyopigwa, bila shaka walikuwamo madereva waliostahili kabisa kukamatwa. Lililo muhimu zaidi ni lile lililokuwa likifanyika pembeni wakati macho ya watu yako kwenye mitego. Watu wa doria walikuwa barabarani kutwa nzima, na mitego haikuwa kila mahali. Saa zilizobaki walifanya nini? Walikuta gari lenye pancha, wakashika pampu. Walimkuta bwana mmoja mwenye koti zuri amesimama mbele ya injini iliyozima, wakamletea maji. Walimwelekeza aliyepotea njia. Walipokuta ajali, walifunga majeraha na kumwita daktari. Hakuna aliyewaajiri kwa hayo, lakini ndiyo yaliyowafanya wapendwe, na uongozi wa chama ulikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba humo ndimo uhai wao ulimo.

Mwaka 1906 chama kilianza kuweka alama za barabarani kwa fedha zake: hapa kona kali, hapa kijiji, hapa shule, punguza mwendo. Ikumbukwe kwamba wakati huo serikali ilikuwa haijaweka utaratibu wa maana wa alama nchini kote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, kazi hiyo ilipokabidhiwa serikali za mitaa, maelfu ya alama zilizosimama katika barabara za Uingereza zilikuwa za AA. Watu waliokutana kwa ajili ya kwenda mbio bila kukamatwa ndio waliogeuka kuandika katika vibao, kwa herufi kubwa, neno la kuwataka watu waende polepole.

Mwaka 1908 kilitoka kitabu cha wanachama chenye majina ya gereji na mafundi wa kuaminika katika kila mji. Mwaka 1912 chama kilianza kuzikagua hoteli na kuzipa nyota kwa kadiri ya uzuri wake, kwa kufuata, yasemekana, mfano wa nyota zilizobandikwa kwenye chupa za brandi. Mama aliyesafiri na watoto wachanga aliweza kujua kabla ya kuondoka nyumbani kama atapata kitanda safi na maji ya moto. Hoteli za nyota tatu au tano tunazosikia leo hata katika miji yetu zina asili yake huko. Kuanzia mwaka huo huo vilijengwa kando ya barabara vibanda vya doria, mfano wa kibanda cha mlinzi wa lango la kambi, vikawekwa simu. Baadaye kila mwanachama alipewa ufunguo, akaweza kufungua kibanda chochote, usiku au mchana, na kuita msaada.

Wanajeshi watapenda zaidi habari ya Machi 17, 1909. Wakati huo Waingereza wengi walikuwa na hofu kwamba adui angeweza kushuka ghafula katika pwani yao. Jeshi lilitegemea reli, farasi na miguu. AA ikatoa shauri kwa Wizara ya Vita: wanachama watatoa magari yao, na batalioni nzima ya kikosi cha Walinzi wa Mfalme itachukuliwa kutoka London hadi mji wa Hastings, ulio pwani ya kusini, pamoja na silaha na vifaa vyake, kisha itarudishwa siku hiyo hiyo. Umbali ni karibu maili 60 kila upande. Msururu wa magari ya watu binafsi, mengi yakiendeshwa na wenyewe, ukaondoka London na askari wenye bunduki wakiwa wamekaa katika viti vya ngozi ambavyo juzi yake vilikaliwa na mabibi wenye kofia za manyoya. Walifika, wakala, wakarudi. Jambo hilo leo laonekana dogo, kwa kuwa hakuna jeshi lisilo na malori. Wakati ule maofisa wengi walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba watoto wa miguu wanaweza kusogezwa upesi namna hiyo bila reli. Miaka mitano na nusu baadaye, Septemba 1914, Wafaransa walipakia maelfu ya askari katika teksi za Paris kama mia sita na kuwapeleka katika mapigano ya Marne.

Jaribio la Hastings lilifanya jambo jingine ambalo halikuandikwa katika taarifa yoyote ya kijeshi. Chama kilichotajwa kila juma kortini kama mpinzani wa polisi sasa kilitajwa kama rafiki wa jeshi. Mwaka 1910 kiliungana na chama kingine cha wenye magari, Motor Union, kikazidi nguvu. Vita ilipoanza mwaka 1914 kilikuwa na wanachama 83,000, na motokaa za watu binafsi nchini zilikuwa zimezidi 130,000.

Baada ya vita baiskeli zilianza kuachwa. Mtu wa doria alipewa pikipiki yenye kisanduku cha pembeni, na ndani yake spana, jeki, petroli ya akiba, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Hapo alikuwa amekwisha kuwa fundi hasa. Chama kilijenga pia kituo cha kujazia petroli huko Aldermaston, wakati ambapo madereva walikuwa bado wakinunua petroli katika madebe kwa wachuuzi. Mwaka 1939 wanachama walifika 725,000.

Na ule ugomvi wa mwendo? Ulikwisha kwa namna ambayo hakuna upande uliopaswa kujivunia. Sheria ya maili 20, ambayo kwa muda mrefu karibu kila mtu alikuwa akiivunja, ilifutwa na sheria ya mwaka 1930, na motokaa zikabaki bila kikomo chochote cha mwendo. Wenye magari walikuwa wamepata kila walichokiomba mwaka 1905. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, wengi wao waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Hesabu hiyo inazidi ya miaka mingi iliyofuata, ingawa magari yaliongezeka mara nyingi. Serikali ikarudisha kikomo, maili 30 kwa saa penye makazi ya watu, na kuanzia mwaka 1935 mtu hakupata leseni kamili mpaka ashinde mtihani. Polisi wa kichakani na leso yake hakuwa amekosea alipodhani kwamba mwendo unaua. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa katika kipimo chake na mahali alipojificha.

Mfano wa AA ulivuka bahari mapema. Mwaka 1919, mjini Nairobi, kiliundwa chama cha wenye magari kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, kilichokuja kuitwa Royal East African Automobile Association. Mwanzilishi wake, Lionel Galton-Fenzi, ana mnara wa kumbukumbu hadi leo katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, ambao wapita njia wengi huuegemea bila kujua ni wa nani. Huku kwetu tatizo halikuwa mitego ya polisi. Tatizo lilikuwa kwamba barabara yenyewe haikuwapo. Mnara unamtaja kuwa mtu wa kwanza kusafiri kwa gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, na mwaka wa safari hiyo ni 1926. Mtu ayatafakari hayo: reli ilikuwa imekwisha kupita humo kwa robo karne, lakini motokaa ilikuwa bado haijajua njia. Mbele yake kulikuwa na mchanga, vichaka vya miiba, mito isiyo na madaraja, na nyika ya Tsavo yenye wanyama.

Ni wazi pia kwamba chama hicho, kama dola iliyokizaa, kilikuwa cha walowezi. Mwafrika aliyekaa ndani ya gari siku hizo alikuwa dereva aliyeajiriwa au utingo aliyeshuka kusukuma gari likikwama. Chama hicho ndicho kilichoshiriki mwaka 1953 kuanzisha mashindano ya Safari, yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo kila Pasaka yaliwatoa wanakijiji majumbani kuja kuona magari yaliyojaa tope yakipita kama radi. Leo AA ya Kenya inasimama kwa jina lake yenyewe. Inafundisha udereva na kukagua magari, na wanafunzi wake ni watoto wa wale wale waliokuwa wakisukuma.

Huko Uingereza, mwaka 1949, AA ilianza huduma ya usiku mjini London kwa magari yaliyoharibika. Kabla ya hapo, mtu aliyekwama saa nane za usiku na mkewe na watoto alingoja mapambazuko. Saluti nayo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaachwa. Magari yalikuwa yamekuwa mengi mno, na mtu wa doria aliyeondoa mkono wake kwenye usukani kila dakika ili amsalimu mwanachama alikuwa hatari kwa nafsi yake na kwa wengine. Inasemwa kwamba wazee wengi walisikitika, kwa kuwa watoto wao walipenda kukaa kiti cha nyuma wakihesabu saluti walizopata toka nyumbani hadi kwa bibi.

Chama kiliendelea kukua hata kikawa na mamilioni ya wanachama, bima, ramani na vitabu. Ukubwa huo ndio uliokibadilisha. Katika chama cha watu mia moja kila mmoja anajua sura ya mwenzake na anajua karani anatumiaje gini zake. Katika chama cha mamilioni, mwanachama anajua namba yake ya simu ya msaada tu. Mwaka 1999 kampuni ya gesi iitwayo Centrica ilitaka kukinunua kwa pauni bilioni 1.1. Wanachama walipiga kura, wakakubali, na kila mmoja aliyestahili akalipwa zaidi ya pauni 200. Tangu siku hiyo waliokuwa wanachama wenye mali wakawa wateja. Miaka mitano baadaye kampuni ile ikakiuza tena kwa wawekezaji wengine, kwa bei kubwa zaidi, na safari hiyo hakuna mwenye gari aliyepigiwa kura wala aliyeulizwa. Magari ya manjano ya mafundi yangali yakionekana kando ya barabara za Uingereza, na fundi angali anakuja akiitwa.